Siku Mkwe Hakuonekana Korongoni

Vijana wa lango la msitu, mliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Haya, naandika. Ila sitawaambia nilipandishwa cheo lini, wala kwa nini nilichelewa kupandishwa, kwa maana hayo hayatamsaidia mtu aliyesimama katikati ya maji na wageni nyuma yake. Nitawaeleza habari za korongo. Mkitaka kunicheka kwa woga wangu, chekeni. Nimestaafu nikiwa na viungo vyangu vyote, na wageni wangu walirudi makwao wote wakala obusuma, ugali wa kwetu.

Niliajiriwa miaka ya tisini ikianza, kijana wa Amalemba niliyejua mitaa ya mji kuliko msitu. Siku ya kwanza nilipewa viatu vya mtu mkubwa kuliko mimi, panga, filimbi, sweta ya kijani na koti la mvua lililovuja bega la kushoto. Nikakabidhiwa kwa Mzee Shivachi, askari mkongwe wa maneno machache na ugoro mwingi, anifundishe kazi. Hakunionyesha mbega wala ndege. Alinishusha moja kwa moja korongoni, pale mto Isiukhu unapobanwa na miamba ya pande zote mbili, akasimama chini ya mti na kunyoosha kidole juu ya kichwa changu. Kwenye tawi palikuwa pamening'inia nyasi kavu, vijiti na kipande cha gunia.

"Unaona hiyo takataka? Nani aliweka huko?"

"Tumbili?"

"Maji."

Nikatazama mto. Ulikuwa unapita chini kabisa, mpole, haufiki hata magotini. Nikatazama tena tawi. Mzee akanusa ugoro wake, akapiga chafya, akasema, "Sasa usiniulizange mahali pa kupiga hema."

Wasiwasi wangu wa kazi ulianza siku hiyo na haukuniacha tena. Wengine hurithi mashamba kwa baba zao. Mimi nilirithi hofu ya Mzee Shivachi, na naiona ni mali nzuri. Alinifundisha kwamba mto ule unatoka mbali, huko kwenye vilima vya Nandi, na mvua ya huko haitumi mjumbe. Hapa kwetu jua linawaka, wageni wanapiga picha, na maji yako njiani yanakuja. Kwa hiyo ukifika chini, kwanza chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Kila ukipita, kitazame. Kijiti kikimezwa, usibishane nacho. Tena angalia majani yanayoelea. Majani makavu ni ya kawaida, yanaanguka kila siku. Ukiona majani mabichi yenye vikonyo vyake, ujue huko juu kuna kitu kimeng'olewa.

La mwisho lilikuwa la mpangilio wa watu njiani. Askari mbele, mnyonge wa kundi nyuma yake, na mwenye nguvu mwisho kabisa. "Mnyonge akanyage kivuli chako," Mzee alizoea kusema. Akanikatia fimbo ya mpera, ndefu kunipita, ya kupimia kina na kumvutia mtu. Fimbo hiyo nilitembea nayo mpaka siku mto wenyewe uliponinyang'anya.

Nilichukiwa sana kwa mafundisho hayo. Wanafunzi wa chuo cha kilimo cha Bukura waliwahi kuja kupiga kambi, wakatandaza mahema kwenye mchanga wa kando ya mto kwa sababu ni laini. Nikawahamisha jioni hiyo hiyo, manyunyu yakianza, mpaka juu kwenye mizizi na siafu. Waliniita majina ambayo hayafundishwi chuoni. Asubuhi tulipoteremka, mchanga haukuwapo, umechukuliwa wote. Hakuna aliyeniomba msamaha, lakini mmoja aliniletea chai, nayo ilikuwa na sukari nyingi mno.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka hiyo ya tisini, mvua za masika zimeanza kukolea. Kikundi cha akina mama wa kanisa kutoka Matungu, watu wa miwa, kilikuja kupiga kambi ya maombi kwenye uwanja wa juu ya korongo, na siku ya pili washuke kuona maporomoko. Kwa kawaida tungekuwa askari wawili, lakini mwenzangu Ambani alikuwa kitandani na malaria. Nikaomba mtu mwingine, nikaambiwa hakuna. Nikaenda peke yangu.

Nilipofika kambini asubuhi walikuwa wameketi kuzunguka sufuria la uji. Nikasalimia, "Mulembe, akina mama!" Wote wakaitikia isipokuwa mmoja, ambaye alivuta leso akajifunika kichwa na kunigeuzia mgongo. Mgongo huo niliufahamu. Nilikuwa nimeuona mara nyingi kuliko uso wa mwenyewe, maana alikuwa mama mzazi wa Violet, mke wangu.

Kwa wale mliozaliwa mjini, nieleze kidogo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye miwa mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na mwenye kuivunja huonekana amemvua nguo mzazi wake. Jina la mama huyo silitaji mpaka leo, na hapa pia hamtalisoma.

Mwenyekiti wao, Mama Sela, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akanivuta kando.

"Askari, kumbe huyu ni mama yako mkwe?"

"Ndiye, mama."

"Woi! Sasa tutafanya namna gani? Yeye ametoka Matungu yote hiyo kuja kuona maji ikianguka."

"Abaki kambini, mama. Ambani akipona atamshusha siku nyingine."

"Tumemwambia. Amesema hawezi kubaki na nyani."

Wakajadiliana wao kwa wao, kisha Mama Sela akaja na uamuzi. Mimi nitatangulia mbele kabisa, na mama mkwe atakuja nyuma kabisa, ili tusitazamane. Goti la mama huyo nililijua vizuri, mimi ndiye niliyenunua dawa ya kulichua na kumpa Violet ampelekee. Mnyonge wa kundi ndiye alikuwa anapelekwa mkiani.

"Mama, mwenye goti bovu lazima awe nyuma yangu. Ndiyo kazi inavyotaka."

"Unataka akanyage kivuli chako? Matungu watasema nini?"

Nilijua Matungu wangesema nini. Tukakubaliana kwamba Mama Sela atakuwa mbele tu ya mama mkwe, na nikiuliza kama wote wapo, yeye ndiye atajibu kwa niaba yake, kwa maana mkwe hawezi kumpigia mkwe wake kelele msituni.

Tuliteremka kwa nyimbo. Njia ilikuwa na utelezi, mizizi imejitokeza kama vidole vya mguu, na kila kona nilitega sikio nyuma. Mama mkwe alikuwa na mkongojo, nami nikaushika mlio wake kwa masikio: tok, tok, tok, mwisho wa msafara. Sikuweza kugeuka kutazama, basi nikawa natazama kwa masikio. Mkongojo ukinyamaza nami nilisimama, nikajifanya nawaonyesha mbega waliokuwa wamekaa juu na mikia yao myeupe. Siku hiyo wanawake wale waliona mbega wengi kuliko mtalii yeyote niliyewahi kumwongoza.

Kuna mahali mnapajua, pale tunapovuka kwa mawe kufikia upande wa maporomoko. Nikachomeka kijiti changu, nikaingia majini na kuwashika mkono mmoja mmoja. Mama mkwe alivushwa na Mama Sela huku mimi nimeutazama mwamba. Maporomoko waliyaona, wakaomba, wakaimba, wengine wakalia. Mimi nilikuwa nimeangalia mbingu. Juu yetu kulikuwa kweupe, lakini upande wa Nandi kulikuwa na weusi kama sehemu ya chini ya sufuria.

"Akina mama, turudi."

"Bado wimbo moja, askari."

"Turudi sasa."

Labda sauti yangu ilikuwa imebadilika, maana waliinuka bila ubishi. Kwenye mawe, kijiti changu hakikuwapo. Nikawavusha haraka, maji yakiwa bado chini ya magoti lakini rangi yake imeanza kuwa ya chai ya maziwa. Wakatangulia kupanda ukingo. Mama Sela alivuka katikati yao, kwa sababu aliogopa, na simlaumu. Nikauliza, "Wote wapo?"

"Wote wapo!" Mama Sela akaitikia kutoka juu, kama alivyokuwa ameitikia tangu asubuhi.

Nikachukua fimbo na kuanza kupanda. Nikapiga hatua chache tu, halafu nikasimama. Sikusikia tok.

Niligeuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo niligeuka mzima mzima, na nikamwona. Alikuwa ng'ambo, ameketi kwenye jiwe kubwa, amelishika goti lake kwa mikono miwili. Goti lilikuwa limegoma. Alikuwa ametuona tukivuka, ametuona tukipanda, na hakuita. Angeita nani? Mwenye kuitwa alikuwa mkwe wake. Alichofanya ni kuvua leso na kuipunga kimya kimya hewani, akitumaini mwanamke mmoja atageuka.

Nimeogopa mara nyingi katika kazi hii, lakini woga wa pale ulikuwa mwingine. Kati yetu majani mabichi yalikuwa yanapita, na vikonyo vyake.

Nikapuliza filimbi. Wanawake wakarudi wakiteleza, Mama Sela akajishika kichwa na kupiga ukemi. Nikavua kamba niliyokuwa nimejizungushia begani, nikaifunga kwenye shina la mti, ncha nyingine kiunoni kwangu, nikawaambia washike kamba, waombe baadaye. Nikaingia. Maji yalinifika mapajani na yalikuwa yanasukuma, mawe yanasogea chini ya viatu. Nilipolikaribia jiwe lake, miguu ikakataa kwenda mbele. Si kwa sababu ya mto. Nilikuwa mbele ya mama mkwe wangu na kichwa chake hakina leso.

Nikageuza uso, nikausemesha mwamba uliokuwa kando yake. "Wewe mwamba, mwambie mama ashike ncha ya fimbo hii."

Naye akaujibu mwamba huo huo. "Mwambie goti imekataa."

"Mwambie asimame kwa mguu mzima. Fimbo ni ndefu, hatutagusana."

"Mwambie maji imejaa."

"Mwambie bado haijajaa. Itajaa sasa hivi!"

Akasimama. Nilihisi uzito wake kwenye fimbo, nikaanza kurudi nyuma polepole, yeye ncha ile, mimi ncha hii, mpera katikati yetu ukilinda heshima. Tulifika katikati ya mto hivyo. Mungu ni shahidi, tulikuwa tunaelekea kuvuka bila kuvunja chochote. Halafu jiwe likamponyoka chini ya mguu, na fimbo ikabaki nyepesi mkononi mwangu.

Niliitupa nikamrukia.

"Usinishike!" akasema, na maji yakamfika kifuani. "Shika!"

Nikamshika. Nikamtupa mgongoni kama mtu anavyobeba mzigo wa miwa, mikono yake ikanikaba shingoni, akazamisha vidole kwenye ile sweta ya kijani, na akina mama wakavuta kamba wakipiga kelele ambazo hazikuwa wimbo wala sala. Nilikunywa maji ya Isiukhu ya kunitosha maisha. Tulipotupwa ukingoni nilimwachilia mara moja na kutambaa mbali naye, nikageukia mti.

Nyuma yetu mto ulifunika mawe yote. Ulianza kunguruma, na shina zima la mti likapita pale tulipokuwa tumesimama.

Lakini kilichonitisha zaidi kilikuwa kimya cha wanawake. Walikuwa wameona kwa macho yao mkwe amembeba mama mkwe mgongoni, leso imekwenda na maji. Jambo hilo lingefika Matungu kabla yetu. Wazee wangeitana. Violet angenitazamaje? Na huyo mama angepitaje tena sokoni? Nilikuwa nimemtoa mtoni, na sikujua kama nimempeleka pabaya zaidi. Nilikaa nimeukumbatia mti, nikalia kidogo. Maji usoni yalinisitiri.

Halafu nikasikia sauti yake, ya taratibu, akikamua gauni.

"Huyu askari wa msitu amenisaidia. Mungu ambariki. Lakini mkwe wangu mimi sijamwona leo. Kuna mtu amemwona?"

Niliusikia mto tu. Mama Sela alikuwa mtu wa kanisa na hakupenda uongo, basi akafikiri kwanza.

"Mimi nimeona sweta ya serikali ikitoka kwa maji," akasema hatimaye. "Ndani yake nani, sijui."

"Hata mimi ni sweta nimeona," mwingine akasema.

"Sweta tu."

Mmoja akamvulia mama leso yake, mama akajifunika, na tukapanda. Safari hii askari alikuwa mbele, na mwenye goti bovu alikuwa nyuma yake, anakanyaga kivuli chake.

Niliporudi Amalemba nilimweleza Violet nikiwa nimesimama mlangoni, tayari kwa lolote. Akauliza kwanza, "Mama yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akalia, akafuta macho, kisha akauliza, "Ulimshika wapi?" Nikasema mgongoni. Akasema, "Basi usinionyeshe." Wazee wa Matungu walipomwita mama kumhoji, nasikia aliwajibu wamlete huyo askari wamuulize yeye, maana mkwe wake siku hiyo hakuwapo.

Tangu hapo mambo yetu yalibaki kama yalivyokuwa. Nikienda Matungu, anaingia ndani. Akija Amalemba, natoka kwenda kwa jirani. Ila kila Krismasi, pale ambapo zamani alikuwa akituma kuku mmoja, alianza kutuma wawili wamefungwa miguu pamoja. Ujumbe ulikuwa ule ule kila mwaka: ingokho moja ya mkwe wangu, nyingine ya yule askari. Violet aliwapika wote, nami nikawala kwa niaba ya watu wawili.

Mwaka jana nikastaafu. Nilirudisha panga, filimbi na viatu. Sweta mtunza stoo aliikataa, viwiko vilikuwa vimetoboka, akaniambia nikapangusie baiskeli. Nikawa naivaa nikikamua ng'ombe.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mama mkwe akaugua. Tulikwenda Matungu na gari la kukodi, lakini njia ya kuingia bomani ilikuwa tope tupu, gari likabaki kwenye barabara ya murram ng'ambo ya miwa. Watoto wake wa kiume wako mbali, majirani walikuwa wamekwenda mazishini. Mimi nilisimama kwenye ukingo wa miwa, nimegeuza mgongo kama inavyotakiwa, nikisikia Violet na shangazi yake wanajaribu kumwinua na kuteleza naye. Alilia kwa maumivu, na wasiwasi ule wa zamani ukanirudia.

Kisha nikamsikia mama. "Violet, nani amesimama huko kwa miwa?"

"Ni baba watoto, mama."

"Mwambie akae hapo hapo. Na yule askari, ako wapi?"

"Askari alistaafu, mama."

"Nimeuliza ako wapi."

Nilikimbia, mzee mzima, tope mpaka magotini, hadi kwenye gari. Sweta niliyotoka nayo zizini asubuhi ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, inanuka maziwa. Nikaivaa katika joto lile la mchana, nikaifunga mpaka shingoni, nikarudi na kuingia kwenye nyumba ambayo sikuwahi kuingia akiwemo. Alikuwa amejifunika leso usoni.

"Mulembe, askari."

"Mulembe, mama."

Nikainama, wakamweka mgongoni. Alikuwa mwepesi sana kuliko siku ile, na wepesi huo uliniuma. Tulipoingia kwenye tope la miwa akauliza karibu na sikio langu, "Maji imejaa?"

"Imejaa kidogo, mama. Shika vizuri."

Akashika.

Madaktari walimtibu, akapona, sasa anatembea na anagombana na kuku wake. Krismasi ilipofika juzi nikamwona Violet anapokea mzigo kutoka Matungu, akaufungua, akabaki ameduwaa. Ndani mlikuwa na kuku mmoja. Akampigia mama simu, nami nikasikia jibu, maana mama huongea na simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Hiyo ni ya askari. Mkwe wangu amenivunja moyo kabisa. Nimeugua hivyo, na hata kuja kuniona hakukuja!"

Basi Krismasi hiyo askari alikula kuku, na mkwe akala sukuma wiki.